Mkufu wa Meya: Habari za Wakuu wa Mji wa Nairobi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazee, walimu na vijana wa wilaya. Tunaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Leo nasema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi wa mashamba hudhani haliwahusu, nalo ni habari za Mameya wa mji wa Nairobi. Wako watakaosema, "Sisi tuna mashamba yetu na mifugo yetu, Meya wa Nairobi alikuwa na nini nasi?" Jawabu langu ni hili. Hakuna wilaya katika nchi ya Kenya isiyokuwa na watoto wake Nairobi. Wengine wako huko kwa kazi, wengine kwa masomo, wengine wamepelekwa hospitali. Maji waliyokunywa, njia walizopita, na hata udongo waliozikwa ndani yake, vyote vilikuwa chini ya Baraza ambalo Meya alikuwa mkuu wake. Tena, tangu mwaka 2013 kila kaunti ina gavana wake na baraza lake. Basi yaliyowapata watu wa Nairobi kwa muda wa karibu miaka mia yafaa kuwa somo kwetu sote.

Kabla sijaanza, nawapa maswali matatu ya kushika mkononi mnaponisikiliza. La kwanza: nani alimchagua mkuu wa mji? La pili: nani aliweza kumwondoa? La tatu: nani alishika ufunguo wa sanduku la fedha? Mtu akiyauliza maswali haya matatu juu ya mkuu ye yote, hatadanganywa na joho wala na mkufu.

Nairobi si mji wa kale kama Mombasa au Lamu. Palikuwa mahali pa maji baridi, na hiyo ndiyo maana ya jina lake katika lugha ya Wamasai. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwezi wa Mei 1899, na katika mwaka ule ule Bwana John Ainsworth, mkuu wa jimbo la Ukamba, akaihamisha ofisi yake kutoka Machakos. Mwaka 1900 zilitolewa kanuni za mji, nazo zilisema kwamba mji ni mahali pote palipo ndani ya maili moja na nusu kutoka ofisi ya mkuu huyo. Ikawekwa kamati ndogo ya kuangalia usafi, njia na soko. Watu wa kamati hiyo hawakuchaguliwa na wakazi. Waliwekwa na serikali.

Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na soko lile likateketezwa kwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Msiba ule uliwafundisha watu jambo ambalo hata leo ni la kweli. Shambani mtu aweza kutupa taka zake nyuma ya nyumba, na jua na mvua vikamfanyia kazi. Mjini taka za jirani ni maradhi yangu, na mtaro wake ukiziba ni mimi nitakayeamka katika maji. Ndiyo sababu mji hauwezi kukaa bila baraza lenye nguvu ya kutoza kodi na kuamuru. Na penye kodi na amri, hapana budi watu waulize ni nani atozaye na ni nani aamuruye.

Baada ya miaka michache makao makuu ya serikali yalihamishwa kutoka Mombasa, na mji ukaanza kukua kwa haraka. Mwaka 1919 kamati ile ilifanywa kuwa Baraza la Mji lenye haki kamili mbele ya sheria, yaani liliweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Katika miaka ya 1920 mkuu wa Baraza hilo akaanza kuitwa Meya.

Desturi ya Meya ilitoka Uingereza. Huko, watu wa mji huwachagua madiwani, na madiwani humchagua mmoja wao awe Meya kwa muda mfupi, aghalabu mwaka mmoja, kisha huchagua tena. Meya huongoza mikutano, huwapokea wageni wakubwa, na siku za heshima huvaa joho na mkufu wa dhahabu. Walakini yeye si mtendaji wa kazi za kila siku. Kazi hizo hufanywa na maofisa wa kuajiriwa, na mkubwa wao ni Karani wa Mji. Kwa hiyo tangu mwanzo Meya alikuwa mtu wa heshima nyingi na nguvu kiasi.

Sasa tulijibu lile swali la kwanza kwa habari za siku zile. Madiwani waliomchagua Meya walikuwa wengi wao Wazungu, na Mameya wote wa zamani hizo walikuwa Wazungu. Wahindi walikuwa na viti haba, nao walilalamika mara nyingi, kwa kuwa katika mji walikuwa wengi kuliko Wazungu. Ama Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, hawakuwa na kiti hata kimoja kwa miaka mingi. Mwanamume Mwafrika aliyekaa mjini alilazimishwa kuvaa kipande shingoni katika kikopo cha bati. Basi palikuwa na mtu mmoja katika mji aliyevaa mkufu shingoni kwa heshima, na maelfu waliovaa kipande shingoni kwa amri, na wale wa kipande hawakuulizwa ni nani avikwe mkufu.

Mtu ataweza kuuliza: je, Baraza halikuwafanyia Waafrika lo lote? Liliwafanyia machache. Liliwapa mahali pa kukaa, Pumwani, tangu miaka ile ya 1920, na baadaye likajenga nyumba nyingine kama zile za Kaloleni. Lakini tazameni fedha zilitoka wapi. Baraza lilichukua peke yake haki ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji katika mitaa ya Waafrika, na faida yake ikatiwa katika mfuko maalum wa kugharimia mambo yao. Yaani mfanyakazi alikunywa pombe ya Baraza, na kwa senti zake mwenyewe akasaidiwa kidogo, ilhali kodi kubwa za mji zilitengeneza njia na taa za mitaa ya wakubwa. Hayo ndiyo huwapata watu wasiokuwa na mtu wa kuwasemea pale fedha zinapogawanywa.

Katika Mameya wa zamani hizo yafaa tumtaje Bibi Gwladys Delamere, aliyeshika cheo hicho tangu mwaka 1938 hata 1940, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi. Waafrika wa kwanza waliingia katika Baraza katikati ya miaka ya 1940. Hao nao hawakuchaguliwa na watu, waliteuliwa na serikali, tena walikuwa wachache mno hata sauti yao haikuweza kushinda kura yo yote.

Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba Nairobi ina watu kama 119,000, na zaidi ya nusu yao ni Waafrika. Tarehe 30 Machi 1950 mji ulipandishwa cheo kuwa jiji, na hati ya Mfalme George wa Sita ikaletwa na ndugu yake, Duke wa Gloucester. Palikuwa na sherehe kubwa. Lakini viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Bwana Fred Kubai na Bwana Makhan Singh, waliwashauri wafanyakazi wasiende, kwa kuwa hawakuona la kushangilia. Tena watu wengi wa Kiambu waliogopa kwamba jiji litapanua mipaka yake na kuyala mashamba yao. Mwezi wa Mei viongozi hao wawili wakakamatwa, na mgomo mkubwa ukatokea mjini. Mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na mwezi wa Aprili 1954 askari waliuzingira mji wakakamata maelfu ya watu wa Kikuyu, Embu na Meru. Jiji lilikuwa na hati yake na Meya wake, lakini kwa wengi wa wakazi wake vitu hivyo viwili havikuwa ngao.

Mwaka 1962, kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, Baraza lilimchagua Bwana Charles Rubia kuwa Meya, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuvikwa mkufu ule. Alizaliwa Murang'a mwaka 1923, akasoma katika shule ya Alliance. Fikirini jambo hili lilikuwa na maana gani kwa mtu aliyewahi kuvaa kipande: anapita mbele ya ofisi ya Baraza, naye ajua kwamba mkuu wa nyumba ile ni mtu wa rangi yake aliyezaliwa kijijini kama yeye. Bwana Rubia alikaa katika cheo hata mwaka 1967. Wakati ule wa Uhuru mipaka ya jiji ilipanuliwa sana, hata kufikia karibu kilometa za mraba 690, na mahali kama Dagoretti, palipokuwa mashamba, pakaingia ndani ya jiji.

Baada yake alikuja Bwana Isaac Lugonzo, na mwaka 1970 akachaguliwa Bibi Margaret Kenyatta, binti wa Rais wa kwanza, aliyekuwa diwani wa Dagoretti tangu mwaka 1963. Yeye ndiye mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi, akadumu hata mwaka 1976. Akafuata Bwana Andrew Ngumba, kisha mwaka 1980 Bwana Nathan Kahara.

Katika miaka hiyo swali la kwanza lilikuwa limepata jawabu jema. Watu waliwachagua madiwani, na madiwani, Waafrika kwa wingi wao, wakamchagua Meya. Lakini maswali yale mawili mengine bado yalikuwa na jawabu la zamani. Sheria ya serikali za mitaa ilimpa Waziri nguvu kubwa. Makadirio ya fedha za Baraza hayakuweza kutumika mpaka Waziri ayakubali. Sheria ndogo ndogo za mji zilimngoja yeye. Karani wa Jiji, ambaye ndiye aliyetia sahihi na kuamuru kazi, hakuwa mtumishi wa kuajiriwa na Meya wala wa kufukuzwa naye. Na Waziri aliweza kulivunja Baraza zima. Ninyi wa wilaya mliliona jambo la namna hiyo mapema zaidi, kwa maana tangu mwanzo wa mwaka 1970 mabaraza ya kaunti yalinyang'anywa shule za msingi, afya na barabara, ingawa miji mikubwa iliachiwa. Mkufu ulibaki Nairobi, na ufunguo wa sanduku ulikuwa katika ofisi ya Waziri.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1983. Palikuwa na malalamiko mengi: taka hazikuzolewa, fedha zilitumiwa vibaya, wafanyakazi walikuwa wengi na kazi haikuonekana. Sisemi kwamba malalamiko yale yalikuwa ya uongo. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa chungu kuliko ugonjwa. Serikali ililivunja Baraza, ikamwondoa Meya na madiwani wote, ikaweka Tume iliyoteuliwa na wakubwa. Ilisemwa kuwa ni kwa muda tu. Muda ule ukaongezwa, ukaongezwa tena, hata ikapita miaka tisa. Hesabu ya watu ya mwaka 1979 ilikuwa imeonyesha watu 827,775. Ile ya mwaka 1989 ilionyesha 1,324,570. Maana yake ni kwamba jiji liliongezeka karibu watu nusu milioni kati ya hesabu hizo mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hapakuwa na diwani hata mmoja ambaye mama wa mtaani angeweza kumwendea na kusema, "Bomba letu limekauka siku ya nne leo."

Je, jiji lilisafika chini ya Tume? Waliokaa humo wajua kwamba taka ziliongezeka na mabomba yakazidi kukauka. Haikuwa ajabu, kwa kuwa diwani mvivu aliogopa uchaguzi, na mtu wa Tume hakuwa na uchaguzi wa kuogopa; alimwogopa aliyemteua tu.

Bwana Rubia hakunyamaza. Mwaka 1990 yeye na Bwana Kenneth Matiba walisimama hadharani wakadai nchi iwe na vyama vingi, na mwezi wa Julai wakatiwa kizuizini bila hukumu. Naye alikuwa mtu aliyewahi kuwa Meya, mbunge na waziri, ambaye angeweza kukaa kimya akala mali yake kwa raha. Alitoka mwaka 1991, akaishi hata mwezi wa Desemba 2019. Madai yale yalizaa matunda, kwani mwezi wa Desemba 1992 uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika, Tume ikaondoka, na Nairobi ikapata tena madiwani wake na Meya wake, Bwana Steve Mwangi. Wengi wa madiwani wapya walikuwa wa chama kilichopinga serikali, na kwa sababu hiyo Baraza na wizara walivutana mara kwa mara, hali Karani na ufunguo wa fedha bado vilikuwa mikononi mwa wizara.

Lakini ni haki kusema ukweli wote. Si kila kosa lilitoka juu. Kumchagua Meya kwa kura za madiwani kulikuwa na ubaya wake, kwa kuwa madiwani ni wachache, na watu wachache hununulika kwa urahisi kuliko watu wengi. Tena kulikuwa na maofisa na wakubwa waliokula. Makaburi ya Lang'ata yalipojaa, Baraza lilinunua shamba jipya la kuzikia watu kwa shilingi milioni 283, bei iliyozidi sana thamani yake, na shamba lenyewe likaonekana lina mawe, halifai kuchimbwa makaburi. Mwaka 2018 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya wakubwa waliohusika. Watu walioweza kuwafanyia biashara hata wafu hawakukosa mkufu wala vyeo. Walikosa jicho la kuwaangalia.

Katiba mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Iliweka kaunti 47, na Nairobi ikawa mojawapo. Bwana George Aladwa ndiye aliyekuwa Meya wa mwisho. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 cheo hicho kikaisha, na Bwana Evans Kidero akaingia katika nyumba ile ile ya City Hall akiwa gavana wa kwanza. Tofauti ni kubwa. Gavana huchaguliwa na wapiga kura wenyewe, si na madiwani. Fedha za kaunti hutoka kwa njia iliyowekwa na Katiba, si kwa hisani ya Waziri. Na kumwondoa gavana hakuwezi kufanywa kwa kalamu ya mtu mmoja. Shauri huanzia katika baraza la kaunti, kisha huamuliwa na Seneti.

Msifikiri, walakini, kwamba mambo yamekwisha. Mwezi wa Februari 2020 gavana wa pili, Bwana Mike Sonko, alitia sahihi mkataba wa kuipa serikali kuu kazi nne kubwa za jiji: afya, usafiri, ujenzi na mipango. Ofisi mpya ikaundwa, na mkuu wake akawa jenerali wa jeshi. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule baraza la kaunti lilimshtaki gavana huyo, na Seneti ikamwondoa. Ofisi ile ya jenerali ilitengeneza njia na kujenga hospitali mitaani, na wengi waliisifu. Lakini mwananchi aliyekuwa na shida hakuwa na kura ya kumuuliza mkuu wake. Ilikoma mwaka 2022, baada ya uchaguzi wa gavana mwingine, Bwana Johnson Sakaja. Tazameni jinsi mambo ya mwaka 1983 yalivyorudi kwa sura nyingine, tena safari hii kwa sahihi ya aliyechaguliwa mwenyewe.

Basi, Mabwana na Mabibi, twajifunza nini? Twajifunza kwanza kwamba kupata mtu wetu katika kiti ni jambo kubwa, lakini si mwisho wa safari. Watu wa Nairobi walingoja zaidi ya miaka 40 hata Mwafrika akavikwa mkufu. Kisha baada ya miaka 21 mkufu ule ukavuliwa kwa amri ya siku moja, kwa kuwa sheria ilikuwa imemwachia mtu mwingine nguvu ya kuuvua. Pili, mtu wetu akikosa, tusikubali upesi maneno ya yule asemaye, "Niachieni mimi nitengeneze, nitawarudishia baadaye." Kiongozi mbaya dawa yake ni uchaguzi na mahakama, kufuta uchaguzi ni kumtupa mtoto pamoja na ugonjwa wake. Tatu, fedha zifuatwe. Mkiitwa katika mikutano ya makadirio ya kaunti, nendeni. Aghalabu mikutano hiyo huwa mitupu, kisha watu hujaa sokoni kulalamika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Walimu nawaomba wawaeleze watoto habari hizi shuleni, wala si majina na miaka tu, bali wawafundishe kuuliza yale maswali matatu: nani alimchagua, nani aweza kumwondoa, nani ana ufunguo. Na ninyi wazee mlio katika mabaraza, mkiulizwa maswali hayo na kijana, msione kuwa amewavunjia heshima. Amefanya kazi ya raia.